Zuhura Ilivyoniumbua Mbele ya Wazazi

Tangu Achieng wangu wa gredi ya tano apate sifuri kwa utafiti wa sayari ya Zuhura, alikataa shule. Nilifika huko siku ya mkutano wa wazazi, nikafoka mbele ya wote: "Mwalimu, unamwonea mtoto! Kazi hiyo nilimsaidia mimi!"

Kweli, wanafunzi waliambiwa waanze na vitabu vya maktaba, ndipo waende mtandaoni. Mimi sikuwa na subira ya maktaba. Nilichapisha ukurasa wa kwanza uliotokea mtandaoni pale saiba, kwenye kompyuta za kulipia, nikamwambia anakili. Sikuusoma.

"Basi tusomee, Mama Achieng," mwalimu akanipa daftari.

Nikasoma kwa sauti, kifua mbele: "Zuhura ni sayari ya mapenzi. Ikikutazama vizuri, mume aliyekutoroka atarudi kabla ya Ijumaa."

"Na amerudi?" mzazi mmoja akaniuliza.