Nilimwambia Daktari Kichwa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, na kabla ya kitu kingine chochote nakumbuka sauti: pete za pazia zikikwaruza chuma, krrr, daktari akinifungia nijilaze nyuma ya kitambaa cha kijani. Ilikuwa hapa hapa Brussels, mtaa wa Schaerbeek, nami nina miaka ishirini na miwili na ndoto nyingi kuliko nguo. Shule niliishia darasa la saba, lakini kichwani nilishafungua duka la ushonaji, cherehani tatu na kibao chenye jina langu.

Na kwenye titi la kushoto nilikuwa na uvimbe, mgumu kama punje ya mbaazi.

Kifaransa sikukijua. Alinisindikiza Maman Béa anitafsirie, mama wa Lubumbashi tuliyesali naye kanisa moja, mtu mwema sana, ila habari ikiingia sikioni mwake asubuhi, jioni kwaya nzima inaiimba.

"Bon, sema, mutoto wangu. Docteur anangoja."

"Kichwa, maman. Kinaniuma."

"Kichwa tu? Donc tumepanda tram mbili juu ya kuumwa kichwa?"

Nikacheka. Mimi ndivyo nilivyo, hofu ikinibana nacheka. Daktari, mwanamume mpole, akanimulika macho, akaniandikia vidonge. Nikashuka ngazi na mbaazi yangu.

Usinione mjinga. Shangazi aliyenilea alijifunga titi kwa kanga miezi mingi, akisema ni jipu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nililisikia neno hilo kwenye matanga yake, nimekaa mkekani nalia. Nililijua, na bado nikasema kichwa. Tangu siku hiyo nikaogopa hata kuoga. Nilijimwagia maji macho nimefumba. Mtu akinigusa bega kwenye tramu, moyo unaruka. Niliogopa kuambiwa, niliogopa kutoambiwa, niliogopa Jumapili.

Wakati huo nilikuwa naosha vyombo kwenye mgahawa wa Wachina kule Saint-Gilles. Mama yake mwenye mgahawa, tuliyemwita Bibi Lin, alishinda jikoni akimenya tangawizi. Enzi zake alikuwa daktari wa wanawake, na aliwahi kufanya kazi Unguja, ndiko alikookota Kiswahili chake cha kurukaruka. Siku moja nikainua sufuria, nikaguna, mkono ukakimbilia kifuani.

"Wewe. Wapi uma?"

"Kichwa, Bibi."

"Kichwa iko hapo?" Akaelekeza kisu cha tangawizi kwenye blauzi yangu. "Nani weka kichwa yako ndani ya nguo?"

Nikaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio. Nikamwambia yote. Hakunibembeleza. Alifuta mikono, akanisimulia.

Zamani sana kwao, alisema, mke wa heshima akiugua alilala nyuma ya pazia, akatoa mkono tu, daktari mwanamume akapima mapigo. Wengine walikuwa na kisanamu cha pembe ya ndovu chenye umbo la mwanamke. Mgonjwa anakigusa kwa kidole, hapa ndipo panauma. Wako walioona haya wakagusa pengine, wakazikwa na siri yao. Ndipo wakatokea wanawake wachache waliojifunza utabibu majumbani mwao, mmoja wao akifundishwa na bibi yake mwenyewe. Huyo aliandika kitabu cha wagonjwa wake, lakini desturi haikumruhusu mwanamke kwenda kwa wachongaji wa mbao za kuchapia vitabu, ikabidi mwanawe wa kiume ashughulike. Kazi yake hasa, ile ambayo wanaume hawakuiweza, ilikuwa kuingia ndani ya pazia, kukaa kitandani, na kuuliza tena na tena mpaka mwenzake aseme.

"Mimi soma yeye, mimi taka kuwa daktari," alisema Bibi Lin. "Yeye ondoa pazia. Wewe, leo, Brussels, rudisha pazia! Ogopa nani? Kwaya?"

"Naogopa kufa, Bibi."

"Basi ogopa vizuri. Ogopa ukiwa njiani, kwenda hospitali."

Mwanangu, sikuambii usiogope. Mimi niliogopa mpaka siku walipoutoa uvimbe, na kovu ninalo, bado sipendi kulitazama. Ninachokuambia ni hiki: hofu yako ichukue, ikusindikize, lakini ugonjwa utaje kwa jina lake. Mkalimani ukimwona ana mdomo mwepesi, omba mwingine, au nenda bubu. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Yako usiache mwosha awe wa kwanza kuijua. Na siku ukiwa wewe ndiye unayesikiliza, usiridhike na "kichwa". Uliza mara ya pili. Mungu akupe afya, akupe mtu wa kukuuliza, na akupe kinywa cha kumjibu.

Mimi, kesho yake baada ya maneno ya Bibi Lin, sikumpigia simu Maman Béa. Nilipanda tramu peke yangu hadi hospitali, nikamwomba wa mapokezi kwa ishara za mikono anipe daktari mwanamke, nikangoja. Nilipoitwa ndani sikuwa na neno hata moja la Kifaransa la kumpa daktari. Nikafungua vifungo vitatu, nikaushika mkono wake, nikauweka pale.