Jinsi Njia ya Dodoma Ilivyopata Jina la Hamisi

Niliondoka Kondoa kwenda kumtafuta mdogo wangu Swalehe, na sababu niiseme wazi, maana wengi wenu hapa nyumbani mnaijua nusu. Jumbe alipoleta orodha ya watu wa kazi ya barabara ya Mjerumani, jina lililoandikwa lilikuwa langu, Hamisi. Miguu yangu wakati huo ilikuwa imeliwa na funza, hata kisimani sifiki. Swalehe akaniambia, "Lala tu, kaka. Mzungu hajui sura zetu." Akaenda, akaitika kwa jina langu. Yakapita mavuno mawili bila habari yake.

Siku tatu za kwanza ni nyika kavu na vumbi. Haneti nilikuta wanawake na wazee tu. Vijana walikuwa wamechukuliwa au wamekimbilia porini. Mzee mmoja alinipa uji mwepesi kama maji ya kunawia, nikamshukuru kwa moyo wote.

Siku ya tano, karibu na Makutupora, nilikutana na Warangi wenzangu wawili wakirudi kutoka kazini, migongo imejaa makovu. Swalehe hawakumjua. Nikakumbuka kwamba alikwenda kwa jina langu, nikawauliza habari za Hamisi wa Kondoa. Wakatazamana.

"Fika Dodoma, uliza njia ya Hamisi," mmoja akasema. "Utaonyeshwa."

Wakaenda zao upesi. Mimi nilifurahi, mjinga mimi. Nilidhani mdogo wangu amekuwa mnyapara, hata njia imepewa jina lake.

Siku ya sita asubuhi niliingia Dodoma. Njia yenyewe ni pana, imenyooka kutoka stesheni ya reli mpaka bomani. Pana kibao cha maandishi ya Kijerumani. Mimi nasoma herufi za Kiarabu tu. Chini yake alikaa mama mmoja wa Kigogo akiuza maziwa.

"Shikamoo, mama. Hii ndiyo njia ya Hamisi?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo hii. Kibaoni wameandika jina la Mzungu, lakini halitumiki."

"Na Hamisi mwenyewe yuko wapi?"

Akaweka kibuyu chini. Alinieleza kwamba kila alfajiri askari alisimama pale kusoma majina ya watu wa kazi. Hamisi huyo aliitwa mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya, mpaka wenzake wamguse bega. Askari akaona ni jeuri. Basi ikawa kila siku ni "Hamisi! Hamisi!" njia nzima, kisha kiboko, hamsa ishirini, yaani mapigo ishirini na matano. Mji mzima ulilijua jina kabla ya kumjua mtu.

"Sisi tulidhani ni kiziwi," akasema. "Mwishoni, kwa hofu, akawa anaitika kila jina linalosomwa, hata la mwenzake. Wakampiga kwa hilo pia. Siku hiyo hakuinuka." Akanionyesha mawe yaliyorundikwa kando ya njia. "Wewe ni nani wake?"

"Kaka yake. Hamisi ni mimi."

Akaelewa, akaangaza huku na huku kama kuna askari.

"Usiliseme jina hilo tena hapa," akaninong'oneza. "Wakisikia Hamisi wa Kondoa yu hai, watakupa sururu yake."

Nilimwombea mdogo wangu dua palepale kwenye mawe, nikaondoka kabla jua halijawa kali. Kurudi nilipita vijia vya porini, siku nane, kwa kuogopa askari. Nilimchukia yule askari, nikamchukia jumbe, lakini aliyenichosha zaidi kumchukia ni mimi mwenyewe.

Mkiniuliza nimejifunza nini, sina kubwa la kuwaambia. Jumbe akija tena na orodha, kila mtu aende kwa jina lake.

Mama nilimweleza yote, sikumficha. Hakunilaumu. Ananipikia, ananitengea, ananiuliza kama nimeshiba. Ila tangu siku hiyo hajaniita jina langu hata mara moja. Akinihitaji, huacha kazi yake akaja mwenyewe mpaka nilipo.