Ndoa Isiyofungwa Kanisani

Wiki iliyopita, katika ofisi ya parokia moja huku ughaibuni, Kingsbury, niliketi benchi moja na mzee wa Kihindi aliyekuja na binti yake. Binti alishika fomu. Alikuwa akitafuta ndugu za marehemu mama yake, nesi wa Kiairishi ambaye hakuwahi kutaja kijiji alikotoka.

"Tuanze na kitabu cha ndoa," karani alimwambia. "Padri huandika humo kanisa alikobatizwa bibi harusi. Walifunga kanisa gani?"

Binti akamgeukia baba yake. Mzee akaikunjua kofia yake, akaikunja tena.

"Tulifunga kwa serikali."

"Hata baraka za padri, Dadi?"

"Hata."

Binti aliporudi kaunta, mzee akaniuliza kwa Kiswahili kama natoka nyumbani. Nikamjibu, Tanga. Yeye Kampala.

"Marehemu mke wangu aliniomba kanisa, mama. Jambo moja tu. Nikamwambia, ndugu zangu ndio kwanza wamefukuzwa Kampala, wamefika hapa na sanduku moja moja, wakisikia kanisa watanisusa. Akasema sawa. Hakuniomba tena."

"Na hawakukususa?"

"Walinisusa vilevile."

Nilipokuwa nikifundisha, mtoto aliyeacha nafasi tupu kwenye karatasi nilimrudisha kitini akaijaze. Yule binti aliikunja fomu yake, mahali pa parokia ya mama pakiwa patupu, na mtu ambaye zamani zile angeweza kupajaza akamshikia mlango.