Malaika Aliyetoka Ukutani

Tharcisse Muamba amechora vibao vya Kolwezi tangu ujana wake, na mwandiko wake unajulikana hata kabla mtu hajasoma neno. A yake imetoa tumbo; K imerusha mguu kama iliyosikia ngoma. Malori yote ya Mama Farida, msafirishaji ambaye wazazi wake walitoka Maniema, yana majina ya mkono huo. Sasa magoti ya Tharcisse yamekataa ngazi, na lori jipya la Mama Farida limekuja refu kuliko yote.

Yolande, mwenye duka la kuchapisha karibu na soko, ndiye aliyetoa wazo: Tharcisse achore alfabeti nzima kwenye karatasi, yeye aiingize kwenye kompyuta, kisha jina lichapishwe kwenye plastiki ya kubandika. Mkono wa mzee ungepanda juu ya lori, magoti yakabaki chini.

Tharcisse aliijia kazi hiyo kama anayekwenda kupigwa picha ya pasipoti. Alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe, akaazima rula. Rula! Mtu aliyepima maisha yake yote kwa kufumba jicho moja.

Mama Farida alipoonyeshwa jina MALAIKA kwenye kompyuta, alimgeukia mzee.

"Tata Tharcisse, hii alichora nani?"

"Ni mi, mama."

"Hapana. Hizi ziko sawa basoda, askari benye kusimama wima ku garde-à-vous. Mi nataka zako zenye kuchezaka."

"Kompyuta inataka heshima, mama."

"Basi heshima ibakie mu kompyuta. Kesho gari inaenda Tenke. Kama sioni mukono yako, mwingine atachora."

Tharcisse alirudi nyumbani amenuna, akajaribu tena. Kila alipoikumbuka ile kompyuta, mkono ulikakamaa na herufi zikazidi kusimama wima. Mwishowe akatoka nje kupunga upepo, akamkuta mwanamume akifunga zipu mbele ya ukuta wake, ukuta alioupaka chokaa juzi tu. Jamaa akatimua mbio. Tharcisse akachovya brashi, na bila kukumbuka rula wala shati jeupe, akaujaza ukuta: MARUFUKU KUKOJOA HAPA, MUTU WA AKILI!

Yolande, aliyekuwa anakuja kuuliza kazi imefikia wapi, alicheka mpaka akaegemea pikipiki ya jirani. Kisha akatoa simu na kuanza kupiga picha, herufi moja moja.

"Acha, mutoto yangu. Mi niko na hasira."

"Hiyo njo vizuri, tata! Ubakie na hasira kidogo. M iko, L iko, yote ya Malaika iko hapa."

Asubuhi jina lilikuwa juu ya lori, tumbo nje, miguu hewani. Mama Farida alilizunguka gari lote, akarudi mbele akitabasamu.

"Sasa hii njo mukono yako, tata. Hii malaika uliitoa wapi?"

Yolande aligeuka haraka kuficha kicheko, akajifanya anakagua tairi.

"Nilisali, mama," akasema Tharcisse.