Majina Yaliyokuwa Kwenye Seva Mpya

Miaka ile vyuo binafsi vilipoanza kufunguliwa Dodoma, niliajiriwa na kimoja pale Kikuyu niandike programu ya kusajili wanafunzi. Ofisi moja nilikaa na dada mmoja wa Chemba aliyekuwa akitunza seva, ile kompyuta kuu ya kumbukumbu za chuo. Alikuwa amenizidi umri, mtu mpole, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao. Mimi niliyetoka Dar es Salaam na stashahada yangu niliichukulia lafudhi ile kama dalili ya kutojua.

Siku moja alihamishia kazi zote kwenye seva mpya, ila jina la seva akaliacha lilelile.

"Mdogo wangu, zima kompyuta yako uiwashe upya," aliniambia, "isije ikaendelea kwenda kwenye ile seva ya zamani."

Nikaitikia bila kusikiliza.

Kesho yake aliingiza majina ya wanafunzi wapya. Nilipofungua programu yangu sikuona hata moja. Sikumuuliza. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wetu nikamwambia dada amepoteza majina.

Mkuu akaja, akatazama kioo cha kompyuta yangu tu.

"Majina yapo," dada alisema. "Azime kompyuta yake awashe."

Nikacheka, nikasema majina hayarudi kwa kuzima na kuwasha. Mkuu naye akacheka. Wiki hiyohiyo dada akapelekwa stoo, kugawa karatasi na chaki.

Siku mbili baadaye umeme ulikatika asubuhi. Uliporudi nikawasha kompyuta, na majina yote yalikuwapo. Nikaelewa palepale. Kompyuta yangu ilikuwa imekariri anwani ya seva ya zamani, ambayo hakuna aliyekuwa ameizima, na muda wote nilikuwa nasoma orodha ya kabla ya kuhama. Nilimwambia mkuu mambo yametengemaa. Hakuuliza kilichotokea, nami sikusema. Muhula ulipoisha, dada aliacha kazi.

Ilipita miaka mingi ndipo nikapata safari ya Chemba. Nikaulizia kwake, nikamkuta uani akipepeta mtama. Nilimweleza yote kabla hata ya kukaa.

"Nilijua tangu umeme uliporudi," alisema. "Ulianza kukwepa kupita stoo. Nikasema huyu atakuja tu kuniambia. Nikangoja mpaka muhula ukaisha."

"Nisamehe, dada."

"Nilishakusamehe. Lakini ile kazi nilikuwa naipenda."

Akaendelea kupepeta.