Wifi na Kompyuta ya Sababu

Wifi yangu ni muuguzi wa zahanati, na tangu niolewe na kaka yake sijawahi kumshinda kwa maneno. Kompyuta ya kwanza waliyoletewa ilikuwa ikitoa jibu tu: mgonjwa arudi nyumbani, au apelekwe hospitali. Aligombana nayo kama mke mwenza. "Kwa nini? Nani kakwambia?" Kisha anampima mgonjwa upya, utosini hadi unyayoni.

Ikaletwa nyingine, inayotaja na sababu. Hapo wifi akalainika. Sababu zikishajipanga, anaitikia kwa kichwa, anaita mgonjwa mwingine. Foleni ikawa inakimbia, sote tukasifu.

Nikampeleka binti yangu, mjamzito, kichwa kinamgonga tangu asubuhi. Wifi akamfunga mkanda wa presha, akabonyeza. Kompyuta ikasema arudi nyumbani: presha nzuri, umri mzuri, mimba iliyopita haikusumbua. Nikashika mkoba. Sababu zimenyooka hivyo, nibishe nini?

Binti hakuinuka. "Shangazi, naona vimulimuli. Hujanitazama hata usoni."

"Nimekutazama, mwanangu. Si hii hapa?"

"Hiyo kompyuta, shangazi. Mimi niko huku."

Wifi aliigeukia kompyuta tena. Akarudia kusoma sababu ya kwanza, presha nzuri, kisha akautazama mkono wa binti. Alikuwa amemfunga mkanda mpana wa mama mnene aliyetangulia. Kwenye mkono ule mwembamba ulikuwa unapwaya. Mkanda ukiwa mkubwa, presha husomeka chini kuliko ilivyo. Akafunga mdogo. Presha ilikuwa juu mno. Kompyuta ikageuza kauli papo hapo, na sababu nzuri vilevile, bila hata samahani.

"Ingesema arudi tu, ningebisha," wifi alininong'oneza akisubiri simu ya gari la wagonjwa ipokewe. "Imenieleza kwa upole, nikanyamaza. Lakini isingeitaja presha, nisingejua pa kutazama."

"Wewe kunyamaza ndio ugonjwa wenyewe," nikamjibu.

Garini alimshika binti mkono. "Haya, niambie mwenyewe. Vimulimuli vilianza lini?" Akamsikiliza mpaka mlangoni mwa wodi.

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama kiganja, mama yake mzima. Kwa kelele alizopiga kichanga yule, hakuna aliyeuliza amemrithi nani; sote tulimtazama wifi.