Dana Aliyesikiliza Baiskeli ya Mkwewe

Sisi tuliokua kabla pikipiki hazijajaa huku kwetu tulijua watu kwa sauti za baiskeli zao. Umekaa nyuma ya nyumba unachambua dagaa wa omena, unasikia mnyororo unakwaruza bati, unasema, huyo ni mwalimu, na anaenda mbio kwa sababu amechelewa. Unasikia kengele imelegea inajipiga yenyewe kwa kila shimo, unajua ni katekista, wanaume wanaficha chupa. Hakuna aliyehitaji kuchungulia.

Nilikulia upande wa Sindo, kando ya ziwa, ingawa sasa naishi Suna na wajukuu wangu wanadhani nilizaliwa hapa mjini pamoja na nguzo za stima. Tulicheza kwa mawe ya ufuoni, unarusha moja juu unaokota mengine kabla halijashuka, mpaka vidole vinatoka ngozi. Asubuhi tulikula nyoyo ya jana, mahindi na maharagwe yameshikana kama ndugu, tukaenda shule miguu mitupu. Mimi shule iliniishia darasa la nne. Lakini masikio yangu yalisomeshwa na mtu mwingine, na huyo ndiye ninayetaka kuwaambia habari zake: Dana, yaani nyanya yangu mzaa mama.

Dana alikuwa mfupi, mweusi sana, na alitembea kama mtu anayeenda kudai haki yake. Mumewe, marehemu babu, alikuwa fundi wa baiskeli kule Mbita, na alikuwa kiziwi. Msicheke, ni kweli. Fundi hodari, mikono ya dhahabu, lakini hata ukimpigia ngoma sikioni haoni ajabu. Basi Dana alikaa kando yake akiuza uji, na baiskeli ikiletwa inalia, yeye ndiye aliyesikiliza. Alimwonyesha babu kwa kidole: hapa. Babu anafungua hapo hapo. Miaka yote hiyo watu walimsifu babu, na yeye alikoroga uji wake.

Baba yangu alikuwa na baiskeli nyeusi, nzito kama ng'ombe, na keria ya chuma nyuma. Alibebea samaki kutoka ufuoni mpaka sokoni. Lakini mwaka ninaousema, kila mtu nyumbani alijua kwamba baiskeli ile ilikuwa na kazi nyingine inayoisubiri. Mama alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka. Mtoto aliyetangulia tulimpoteza, kwa sababu uchungu ulimshika mama na hakukuwa na kitu cha kumbeba. Alitembea, akazalia kichakani, na mtoto hakupumua. Baada ya hapo Baba aliapa kwamba huyu mwingine atazaliwa hospitali, na mama atafikishwa juu ya keria, kwenye godoro lililokunjwa. Safari yenyewe ilikuwa ndefu, vilima viwili na mawe matupu.

Sasa, mwezi wenyewe umefika, baiskeli ikaanza kulia. Ngieek. Ngieek. Kila Baba akikanyaga pedeli, ngieek, kama mlango wa kanisa la zamani.

Fundi wa ufuoni akasema ni springi za kiti. Akabadilisha kiti. Ngieek. Akasema ni gurudumu la nyuma. Akakaza nati zote mpaka akatoka jasho. Ngieek. Baba akaanza kumtazama jirani yetu kwa jicho baya, kwamba amemroga. Halafu akafanya jambo ambalo ni watu wa ziwa tu wangeweza kulifanya. Enzi hizo mbuta walikuwa wengi na wanono, mafuta yao yalijaa chupa jikoni. Baba akachukua chupa akamimina mafuta ya samaki mle chini, pedeli zinapozungukia. Baiskeli ikanyamaza siku mbili. Siku ya tatu ikalia zaidi, na paka watatu wakawa wanaifuata njiani kama waumini nyuma ya nabii.

Hapo ndipo Dana akaja kumsubiri mjukuu wake azaliwe. Akawekwa kwa nyumba ya nyanya mzaa baba, kwa sababu mama wa mke, maro kama tunavyomwita, halali kwa nyumba ya mkwewe. Hali chakula mbele yake. Haketi mahali mkwe wake anapoketi. Na mkwe naye hamkaribii. Anamwamkia kwa mbali, macho chini. Ndiyo heshima yetu. Siku hizi mkwe na maro wanapiga picha wamekumbatiana, meno nje yote. Haya.

Asubuhi ya kwanza Dana alimsikia Baba akirudi kutoka ufuoni. Akaweka kikombe cha chai chini.

"Awuor," akaniita, "mwambie baba yako hiyo kitu isiende popote na binti yangu."

Baba alikuwa amesimama hatua tano. Amesikia kila neno. Lakini nilisogea hatua tano nikamwambia.

"Mwambie nyanya yako ni sauti tu," Baba akasema. "Iko na nguvu."

Nikarudi. "Dana, anasema—"

"Nimesikia upuuzi wake. Mwambie aipande tena. Halafu akiwa anakanyaga, ainue matako atoke kitini, nijue kama ni kiti."

Nikafika kwa Baba, na kabla sijafungua mdomo akawa amegeuka majivu. Ainue matako mbele ya maro wake? Afadhali baiskeli ife, na yeye afuate. Akaegemeza baiskeli kwa mti, akakunja mikono. Na Dana hakuweza kuipanda mwenyewe, kwa maana angekalia kiti cha mkwewe. Tukakaa hivyo, mama yangu akitutazama mlangoni, mikono imeshika kiuno, pumzi fupi.

"Awuor, wewe unaweza?" Dana akauliza.

Kama ninaweza! Sisi watoto tuliendesha baiskeli za wazee kwa kupitisha mguu mmoja ndani ya fremu, chini ya lile bomba la juu, mwili umening'inia upande mmoja kama nguo kwenye kamba. Kiti hatukukifikia hata kwa ndoto. Nikaipanda hivyo, nikazunguka uwanja. Ngieek, ngieek.

"Ona," Dana akasema, macho ameyafumba. "Hakuna mtu kitini, na bado inalia. Kiti hakina makosa. Shuka kwa mteremko, usikanyage."

Nikateremka. Kimya.

"Magurudumu yanazunguka, na imenyamaza. Basi si magurudumu. Awuor, niletee mwiko."

Nikamletea mwiko wa ugali wa mama. Akaweka ncha yake chini kabisa ya fremu, pale kwenye bomba fupi ambamo ekseli ya pedeli hupita, na mpini akauweka sikioni. Mimi nikazungusha pedeli kwa mkono, polepole. Nikamwona Dana anakunja uso kama anayeambiwa siri mbaya.

"Mle ndani kunasagwa mchanga," akasema. "Na kuna gololi imevunjika. Ekseli ikiliwa hivyo, itakatika kilimani na mzigo juu." Hakusema mzigo gani. Mama aliingia ndani akaketi.

Baba akaleta nyundo bila kuambiwa.

Dana alikaa kwenye mkeka wake, amempa mgongo nusu, na mimi nikawa mdomo wao. Mwambie baba yako afungue upande wa kushoto, wa kulia auache. Mwambie pini ya pedeli asiipige ikiwa uchi, arudishe nati mpaka iwe sawa na ncha, ama ataiponda kichwa. Mwambie aweke gogo chini ya mkono wa pedeli ndipo apige, na apige mara moja kama mwanaume, si kudonoadonoa kama kuku.

Baba akapiga mara moja. Pini ikatoka. Nikasikia Dana akisema "mm" kidogo sana, na najua Baba aliisikia pia, kwa sababu mabega yake yalishuka.

Kikombe cha chuma kinachoshika gololi kilipofunguka, harufu ilitufukuza sote. Mafuta ya mbuta yalikuwa yameganda yakawa kama ugali uliolala, yamechanganyika na kutu na mchanga wa ufuoni. Mchanga uliingiaje? Wachukuzi wote wa samaki walisukuma baiskeli ndani ya ziwa mpaka ubavuni mwa mtumbwi, ili wasibebe vikapu kichwani, na maji yalifika juu ya pedeli kila siku ya Mungu. Tukahesabu gololi: upande mmoja kumi na moja, upande mwingine tisa na vipande vipande.

Dana akanituma kwa Mzee Salim, mfanyabiashara kutoka pwani aliyekuwa na duka pale Sindo. "Usilete mbili," akaniambia. "Leta za upande mzima. Za zamani zimelika, mpya mbili zitabeba uzito peke yazo." Mzee Salim aliposikia ombi langu akaniuliza, "Nani fundi wenu, binti?" Nikamwambia ni nyanya. Akacheka, halafu akaacha kucheka, akanipa pia grisi iliyofungwa kwenye karatasi, akasema, "Msalimie huyo bibi. Mwambie samaki tumle, tusimpake kwenye chuma."

Tuliosha kila kitu kwa mafuta ya taa mpaka chuma kikang'aa. Gololi zikapandwa ndani ya grisi moja moja kama mbegu. Kukaza kikombe ndiko kulikochukua muda. "Kaza. Legeza kidogo. Mwambie atikise mkono wa pedeli. Unacheza? Kaza tena, robo. Sasa zungusha." Pini ikarudishwa, ikitazama kinyume na ile ya upande wa kulia, kwa maana zikitazama upande mmoja pedeli zinachechemea. Dana akaweka mwiko sikioni tena. Akasikiliza mpaka nikachoka kuzungusha.

"Mwambie baba yako," akasema, "baiskeli si mtumbwi. Isiingie ziwani tena."

"Nimesikia, Mama," Baba akajibu yeye mwenyewe, moja kwa moja. Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu bila kupitia kwangu.

Siku ya sita baada ya hapo uchungu ukaja, jua limeshapanda. Baba akaweka godoro kwenye keria, mama akapanda, amemshika kiunoni, amefumba meno. Wakaondoka. Watu wengine walikuwa wakipiga kelele, wengine wakiomba. Dana alituambia sote tufunge midomo. Akasimama katikati ya njia, macho amefumba, kichwa ameinamisha upande mmoja, mpaka baiskeli ikapotea nyuma ya kilima cha kwanza. Hata hapo hakuondoka.

"Unasikia nini, Dana?" nikamnong'oneza.

"Hakuna," akasema, na machozi yakamteremka. "Hakuna kitu."

Baba alirudi kesho yake mchana, peke yake, mavumbi mpaka kwenye kope. Akasimama mbali kama inavyotakiwa, macho chini.

"Mama, baiskeli haikusema hata neno mpaka hospitali," akamwambia.

"Sikuuliza baiskeli!" Dana akafoka.

"Ni msichana. Wote wawili wako salama."

Dana akaketi chini pale pale kwenye vumbi, akanyoosha miguu, akacheka mpaka mbwa wakabweka.

Dada yangu huyo leo ni nyanya, anaishi Homa Bay, mnene na mwenye sauti kubwa kunishinda. Mimi nimeona wanaume wengi wenye vyeti ukutani, lakini sijaona mtu wa kumfikia yule mwanamke na mwiko wake. Watoto wa sasa wana akili, sikatai. Chombo kikilia wanatafuta dawa yake kwenye simu, na wengine wameziba masikio kwa zile waya zao. Kikilia zaidi wanaongeza muziki. Mimi nikisimama barabarani kusikiliza pikipiki ya mtu, naambiwa, "Shosho, songa!"

Siku nitakapozidiwa mimi, watanibeba kwa gari lenye king'ora, na litafika haraka, sina shaka. Lakini najua hakuna mtu atakayebaki amesimama njiani, amefumba macho, akilisikiliza mpaka lipotee.